Uliza Mzee wa Njia: Begi zima, kilo zote, kabla hamjaondoka

Toleo hili lote nimewapa watu wa safari ndefu za miguu, zile za kulala njiani na kila kitu chako kiko mgongoni, maana maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka palepale, kwenye mazoezi ya kutembea na begi lililojaa kabla ya siku yenyewe. Barua nyingine nimezifupisha, msinune.

SWALI: Shikamoo Mzee wa Njia. Tuko marafiki wanne tunajiandaa na treki ya siku 12, hatuna wabebaji, kila mtu na begi lake. Mi nimependekeza twende kwanza mazoezi na mabegi yakiwa yamejaa kabisa kama tunaondoka kweli, wenzangu wanasema ni kujichosha bure, eti miguu inatengenezeka humohumo njiani na tukitembea wikendi bila mzigo inatosha. Wameanza kuniita mnoko. Nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba, na mnoko yuko sawa. Wenzako wana kaukweli kadogo, miguu kweli inazidi kukaza njiani, ila kinachorudisha watu nyumbani siku ya tatu mara nyingi wala sio pumzi, ni vitu vya kijinga tu. Mkanda unaochubua nyonga, kiatu kinachobana kidole mguu ukishavimba, jiko ambalo hamna anayejua kuliwasha kwenye upepo, slipingi begi, ule mfuko wa kulalia, iliyouzwa kuwa ya baridi kali kumbe baridi yenyewe ilikuwa ya kwenye karatasi. Hayo yote huyajui ukitembea na chupa ya maji mkononi. Mzigo uwe uleule, viatu vilevile, na mlale nje.

Na hapo kwenye kulala mimi sibadilishi msimamo. Siku moja haitoshi. Siku ya kwanza kila mtu shujaa, una hamu, jana yake umelala kitandani kwako, umekula vizuri, hata begi baya unalivumilia mpaka jioni. Asubuhi ya pili ndo begi linasema ukweli, mabega yamekakamaa, nyonga zina alama, hema limelowa umande na sasa lina uzito kuliko jana, soksi hazijakauka, halafu unatakiwa ufunge kila kitu upya na utembee tena masaa yaleyale. Mkiondoka asubuhi ya pili bila mtu kuchechemea na bila kununiana, mko vizuri. Mkishindwa, bora mshindwe mahali ambapo nyumbani ni karibu.

Uzito sasa. Pakieni kama siku ile nzito kuliko zote kwenye safari yenu, yaani siku mnayotoka sehemu ya kujaza chakula. Makadirio ya kawaida ni kama gramu 700 hadi 900 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku, kwa hiyo siku 5 bila kujaza ni kilo 4 hivi, na maji hayana ujanja, lita moja ni kilo moja. Watu wanapima begi sebuleni bila chakula wala maji wanatangaza nina kilo 8, afu siku ya kuondoka mizani inasoma 15 wanadhani mizani imeharibika.

Umbali chukueni siku ya kawaida kwenye ratiba yenu, fanyeni siku mbili za namna hiyo, ziwe na kupanda na kushuka, msichague tambarare mkajidanganya. Kwa muda kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliitoa 1892 na mpaka leo watu wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hiyo kilomita 15 zenye kupanda mita 900 ni masaa matatu ya umbali na saa moja na nusu ya kupanda, jumla manne na nusu. Hapo mapumziko marefu hayamo, wala begi zito. Nyie na mabegi yenu na kupiga picha na kusubiriana mnaweza kukuta ni masaa 6 au 7, na hiyo tofauti ndo mnayoitafuta, andikeni mahali, maana naweka dau ratiba yenu ya siku 12 imeandikwa na mtu aliyekaa kwenye kiti.

Nendeni wiki tatu au nne kabla ya safari. Mkienda wiki ya mwisho, lengelenge halijapona na kitu mlichogundua kinakosekana hamna muda wa kukitafuta. Chagueni njia yenye sehemu za kutokea katikati ili mtu akizidiwa aiache, na muachie mtu nyumbani maelezo mnapita wapi na mtarudi saa ngapi. Hao watatu waambie nimesema mimi, sio wewe, watakubali haraka zaidi.

SWALI: Mzee habari, mi bado sina hema wala slipingi begi, naazima mwezi ujao karibu na safari. Kwa sasa naweka mchanga na vitabu kwenye begi napanda ngazi za jengo letu. Nimeanza na kilo 15 moja kwa moja, kuna ubaya?

JIBU: Ngazi safi sana, endelea. Kilo 15 moja kwa moja ndo sikubaliani. Pumzi na misuli vinazoea haraka ila kano na viungo vinachelewa, unajiona uko fiti wiki ya pili afu kisigino kinaanza kuuma kwa nyuma na hapo ndo umeshachelewa. Anza na kilo 5 au 6, ongeza mbili hivi kila wiki, na wiki uliyoongeza uzito usiongeze na umbali.

Mchanga ni mzito kwa ujazo mdogo kwa hiyo unakaa wote chini kwenye begi na unakufundisha kubeba vibaya. Tumia chupa za maji, zipange katikati, karibu na mgongo, zizungushie nguo zisicheze. Faida nyingine, magoti yakilalamika ukifika juu unamwaga unashuka mwepesi. Usimwage kila mara lakini, kushuka na mzigo nako kunahitaji kuzoewa.

Ila tuelewane, hayo ni mazoezi ya mwili. Jaribio la vifaa bado hujafanya. Hivyo vya kuazima vipate mapema hata kwa siku mbili, maana slipingi begi ya mtu hujui zipu yake ina tabia gani, na hema la kuazima lina desturi ya kukosa fimbo moja.

SWALI: Mzee naomba unisaidie kuchambua. Nimetoka haiki ya mazoezi na begi la kilo 21, mi mwenyewe nina kilo 62, nilikuwa wa mwisho siku nzima na jioni sikuweza hata kula. Ndani kulikuwa na hema la watu wawili (nalala peke yangu), slipingi begi, mati, jinzi mbili, fulana sita, taulo kubwa, sufuria tatu, pawabenki mbili kubwa, kiti cha kukunja, vitabu viwili, chupa ya shampuu, tochi ya mkononi na ya kichwani, sanduku la dawa, maji lita 4 na chakula cha siku tatu. Naona vyote ni muhimu.

JIBU: Fulana sita kwa siku tatu! Kuna sherehe huko msituni hatujaalikwa?

Twende taratibu. Wengi wa njia ndefu wanalenga mzigo wote usizidi moja ya tano ya uzito wa mwili, kwako ni kilo 12 na kidogo. Sio sheria, kuna watu wembamba wanabeba zaidi na hawasemi kitu, ila 21 kwa 62 ni theluthi yako nzima, ndo maana chakula hakikupita.

Anza na vile vitu vikubwa vitatu, begi lenyewe tupu, hema, na vya kulalia. Humo ndo kilo zilipo, watu wanakata mpini wa mswaki wakati begi tupu lina kilo 3. Hema la wawili kwa mtu mmoja, tafuta la mmoja au tafuta mwenzako. Jinzi zote mbili nje, tena hizo sio kwa sababu ya uzito tu, pamba ikilowa inakaa na maji na inakunyonya joto, jinzi iliyolowa kwenye baridi ni hatari kabisa. Fulana mbili za kukauka haraka, moja mwilini moja begini, plus nguo kavu ya kulalia ambayo hutembei nayo kamwe. Sufuria moja. Taulo kubwa unajua mwenyewe. Kiti nakuachia, kama ndo furaha yako kibebe, mi sigombani na mtu kwa kitu kimoja cha anasa, kimoja lakini, kwa hiyo vitabu vinabaki.

Maji lita 4 inategemea. Kama njiani kuna vijito kila masaa mawili, unabeba lita mbili na kitu cha kusafishia maji. Kama sehemu ni kame basi hizo nne ni halali na usimsikilize mtu, hata mimi.

Fanya hivi kwa mabaki. Mwaga vyote chini, tenga mafungu matatu, nilivyotumia kila siku, nilivyotumia mara moja, ambavyo sikugusa. Fungu la tatu linabaki nyumbani, isipokuwa dawa na vifaa vya huduma ya kwanza, koti la mvua, nguo ya joto ya akiba, filimbi na tochi ya kichwani. Hivyo usipovitumia shukuru, usivitoe. Fungu la pili jiulize kama kuna kitu kingine kingefanya kazi hiyohiyo.

Na usijisikie vibaya. Kule Marekani kwenye Appalachian Trail, njia ya kama kilomita 3,500, wanaoanzia kusini wanafika sehemu inaitwa Neel Gap baada ya kilomita 50 tu hivi, na hapo duka la vifaa limekuwa maarufu kwa kuwachambulia watu mabegi, mtu anamwaga vyote chini anaambiwa hiki rudisha nyumbani kwa posta, hiki acha. Wewe umegundua mapema kabla hujafika huko.

SWALI: Kila nikibeba begi zito, baada ya saa moja mabega yanawaka na vidole vya mkono wa kushoto vinaanza ganzi. Begi ni zuri na la bei. Nizoee tu?

JIBU: Usizoee. Mabega kuuma kidogo sawa, ganzi hapana. Mkanda unabana mishipa ya fahamu inayopita begani kuelekea mkononi, na watu wakiendelea kukaza meno wanaweza kufika mahali mkono unakosa nguvu kwa siku au wiki. Ukisikia ganzi simama, shusha begi, rekebisha. Ikiendelea hata begi ukiwa umeshalivua, nenda kwa daktari.

Inavyoonekana unabeba kwa mabega wakati begi la safari linabebwa na nyonga. Vaa upya hivi, na uvae likiwa limejaa maana tupu halikuonyeshi kitu. Legeza mikanda yote. Mkanda wa kiunoni uweke juu ya ile mifupa ya nyonga inayojitokeza mbele, sio tumboni, sio chini kwenye makalio, mto wake uikumbatie mifupa yenyewe, kaza huo kwanza. Afu vuta mikanda ya mabega mpaka iguse bega lakini isibebe. Kuna mikanda midogo inatoka juu ya bega kwenda juu ya begi, wengi hawajui hata kazi yake, hiyo inavuta begi likusogelee, inatakiwa ipande kwa mshazari, nyuzi 45 hivi, vuta kiasi. Mwisho ule wa kifuani, usikaze mpaka ukashindwa kuvuta pumzi. Ukimaliza uweze kupitisha vidole kati ya mkanda na bega na mzigo mwingi uusikie kiunoni.

Umefanya hivyo na bado? Basi inawezekana begi lina mgongo usio wako, na bei haisaidii hapo. Inamisha kichwa, papasa ule mfupa unaotokeza chini ya shingo, kisha shika nyonga zako vidole gumba vikutane uti wa mgongo, mtu akupimie kutoka pale mpaka hapo. Huo ndo urefu wa mgongo wako na ndo saizi ya begi, urefu wako wa kusimama hauhusiani sana, kuna warefu wenye mgongo mfupi. Mabegi mengi yana sehemu ya kurekebisha hiyo, angalia kabla hujauza.

Na angalia unavyopanga. Slipingi begi chini, vitu vizito vikae katikati karibu kabisa na mgongo, vyepesi nje, koti la mvua juu pale unapofikia bila kufungua duka. Vizito vikikaa mbali na mgongo begi linakuvuta nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule, na wewe unajikunja mbele siku nzima kulifidia, mabega ndo yanalipa.

SWALI: Malengelenge mzee!! Viatu nimenunua saizi yangu kabisa, soksi nzuri za pamba nene, kilomita 9 tu visigino vyote vimetoka. Nitumie dawa gani nisipate tena?

JIBU: Dawa ya kwanza ni kusimama. Kabla lengelenge halijatoka kuna dakika kumi, saa ingine nusu saa, unasikia sehemu inapata moto, kitu kinasugua. Kila mtu anasikia na kila mtu anasema nikifika pale juu ntaangalia. Simama hapohapo, vua, kausha, bandika tepu isiyo na mikunjo, badilisha soksi. Kwenye mazoezi mkubaliane kabisa kwamba yeyote akisema mguu unapata moto kundi zima linasimama na hamna kumzomea, maana aibu nayo inaleta malengelenge.

Lengelenge linatokana na msuguano na unyevu unalisaidia. Pamba hapana, inashika jasho, tafuta soksi za sufu laini au za kitambaa cha michezo, wengine wanavaa nyembamba ndani ya nene ili soksi zisuguane zenyewe na ngozi ibaki salama. Viatu saizi yako kabisa ndo tatizo, mguu uliobeba mzigo masaa sita unavimba na unapanuka, vijaribu jioni na soksi za safari, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama upana wa kidole gumba. Kisigino kikinyanyuka ndani ya kiatu, yale matundu ya juu kabisa ya kamba ambayo huwa unayaruka yana kazi, pitisha kamba humo utengeneze kitanzi kila upande, zipishane ndani ya vitanzi kisha vuta. Kucha kata fupi siku chache kabla, ukishuka mlima na kucha ndefu zitakuwa nyeusi.

Likishatoka na haliumi liache, lifunike. Kama linauma na lazima utembee, safisha ngozi, sindano nayo isafishe, toboa pembeni, kamua maji, ile ngozi ya juu usiichune, funika. Wekundu unaosambaa, usaha, joto, hapo sio swali la gazeti tena, tafuta matibabu.

SWALI: Mimi na mume wangu tunaenda treki pamoja. Tumefanya mazoezi mara moja na tuligombana. Yeye anatembea mbele kama anafukuzwa, ananisubiri dakika tano, nikifika tu anaondoka, kwa hiyo yeye anapumzika mimi sipumziki. Halafu anabeba hema na jiko na maji yote anasema ananisaidia, kumbe akienda mbele mimi nabaki sina kitu. Mwambie.

JIBU: Shemeji, nakuambia hadharani. Anayefika wa mwisho ndo anaamua mapumziko yaishe saa ngapi. Na mwendo ni wa yule wa taratibu, mweke mbele yeye ndo aongoze. Kipimo chenyewe ni rahisi, mkiweza kuongea sentensi nzima mkiwa mnapanda mko sawa, mkijibizana kwa neno moja moja mnakimbia.

Kwenye kugawana mzigo mkeo ana hoja kubwa kuliko alivyoieleza. Mkipotezana kwenye ukungu au giza, kila mmoja anatakiwa awe na vya kumfikisha asubuhi: maji yake, kitu cha kula, nguo ya joto, koti la mvua, tochi, filimbi, ramani. Hema na jiko gawaneni kwa uzito, mwenye mwili mkubwa abebe zaidi, hamna ubaya, hata kumhamishia kilo mbili yule mwenye kasi ni njia nzuri ya kusawazisha mwendo bila hotuba. Ila vitu vya kuokoa maisha havikabidhiwi mtu mmoja. Filimbi mkumbuke, milima ya Ulaya ishara ya kuomba msaada ni milio sita ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia, Amerika Kaskazini wanatumia mitatu. Ulizeni kule mnakoenda wanatumia ipi.

Kugombana kwenye mazoezi sio kitu kibaya wala, mmegombana mkiwa bado mnaweza kurudi nyumbani kila mtu akaoga.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi wa miaka 66, wajukuu wananicheka nikivaa begi. Nataka nitembee njia ndefu kabla sijazeeka. Nimechelewa?

JIBU: Shikamoo bibi. Waambie wajukuu kuhusu Emma Gatewood, Mmarekani, mama wa watoto 11. Mwaka 1954 alijaribu Appalachian Trail akipita peke yake kutokea kaskazini, akapotea, akarudi nyumbani. 1955 akaja tena kutokea kusini akiwa na miaka 67 akaimaliza yote, mwanamke wa kwanza kuitembea peke yake kwa msimu mmoja, na mzigo wake ulikuwa kwenye mfuko wa denimu alioushona mwenyewe anautupia begani, miguuni raba, mvua ikinyesha anajifunika pazia la bafuni. 1957 akarudia.

Simaanishi ubebe pazia. Namaanisha aliondoka na kidogo, na wewe begi jepesi litakusaidia kuliko mtu yeyote anayeandika kwenye ukurasa huu. Mwone daktari kwanza akupime presha na moyo na magoti, mwambie kabisa nitatembea masaa mangapi na kilo ngapi, usimwambie tu nafanya mazoezi. Anza na begi la kilo 3, siku za kupumzika ziwe nyingi kuliko za vijana, na fimbo mbili za kutembelea sio za wazee, ni za wenye akili. Kupanda zifupishe kidogo, kushuka zirefushe, tambarare kiwiko kikae pembe mraba. Mazoezi ya kulala nje ufanye pia, kuinuka kutoka kwenye hema la chini usiku nako ni mtihani wake.

SWALI: Kupanda sijambo kabisa, kushuka ndo balaa. Na nikirudi, siku ya pili yake siwezi kushuka hata ngazi, mapaja yanauma kuliko siku yenyewe. Nimejiumiza?

JIBU: Kama ni mapaja yote mawili na yanauma ukikaa na kuinuka, hapana. Ukishuka misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inakaza huku inarefuka, na kazi ya namna hiyo inaleta maumivu yanayochelewa, kilele chake siku ya kwanza mpaka ya tatu baadae. Habari njema misuli ikishapata dozi moja, safari inayofuata haiumii hivyo, na hiyo kinga inakaa wiki kadhaa. Ndo sababu nyingine ya kufanya mazoezi wiki tatu kabla na sio miezi sita kabla. Hatua fupi, magoti yalegee, usikimbie na begi.

Maumivu ya goti moja, yanayochoma sehemu moja, goti kuvimba au kukwama, hayo ni mengine, yapeleke kwa daktari kabla ya safari sio baada.

SWALI: Tumepanga mazoezi Jumamosi, utabiri unasema mvua siku zote mbili. Tuahirishe?

JIBU: Hiyo mvua mngeilipia. Mtajua kama hema linavuja, kama koti linapitisha, kama slipingi begi yenu ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki au ilikuwa kwenye maombi (kifuniko cha nje cha begi peke yake hakitoshi, maji yanapita mgongoni). Mtajua kupiga hema huku mnalowa bila kulowesha ndani. Nendeni, beba nguo kavu ya kulalia na usiiguse mpaka uko ndani ya hema. Radi na mafuriko ndo nasema ahirisha, na radi ikiwakuta huko juu tokeni kwenye mgongo wa mlima mshuke chini haraka, hapo hamna mjadala. Maji ya kunywa mkichota kijito kilichochafuka yaacheni yatulie kwanza, chujeni, kisha mchemshe, yakishaanza kutokota sawasawa dakika moja inatosha, mkiwa juu ya mita 2,000 yape dakika tatu.

Mkirudi litandikeni hema likauke kabisa kabla ya kulikunja, likikaa limelowa wiki zote hizo litaota ukungu, na ile harufu mtalala nayo safari nzima.